Sugar Land: Mji wa Sukari na Waliolala Chini Yake

Mtu akifika Sugar Land, Texas, leo hii akitafuta shamba la miwa, atazunguka mpaka achoke. Hakuna. Atakutana na barabara pana, nyumba za matofali zilizopangwa kwa mstari, maziwa madogo ya kuchimbwa na maduka makubwa. Kisha, kando ya njia kuu ya 90A, litamtokea jengo moja refu la matofali mekundu, ghorofa 8, tupu. Lilijengwa mwaka 1925. Humo ndani sukari ghafi iliyoyeyushwa ilikuwa ikichujwa kwa mkaa uliotengenezwa kwa mifupa ya ng'ombe, mpaka itoke nyeupe pe. Wenyeji hulijua kwa jina la Char House, na tangu kiwanda kilipofungwa mwaka 2003 limebaki pale kama mzee aliyeachwa peke yake nyumbani.

Mji wenyewe uko katika kaunti ya Fort Bend, zaidi ya kilomita 30 kusini-magharibi mwa katikati ya Houston. Sensa ya mwaka 1960 iliwakuta watu 2,802. Sensa ya mwaka 2020 iliwakuta 111,026. Katika miaka 60 mji umeongezeka karibu mara 40.

Kukua kwa namna hiyo hakuji hivi hivi. Ilikuwapo ardhi kubwa mikononi mwa watu wachache, zikawapo sheria zilizowafaa wajenzi, ikawapo fedha ya kukopa. Na kabla ya yote hayo walikuwapo watu waliofanya kazi bila kulipwa. Hao wa mwisho ndio waliokuja kuusimamisha mji mzima mwaka 2018, wakiwa wamekufa zaidi ya miaka 100.

Hebu tuanze na mto. Brazos ni mto mrefu, wenye maji mekundu ya tope, na kila unapofurika huacha udongo mweusi wenye rutuba. Miaka ya 1820, Texas ikiwa bado ni sehemu ya Meksiko, Stephen F. Austin alipewa ruhusa ya kuleta walowezi kutoka Marekani. Katibu wake, Samuel May Williams, alipata ardhi kando ya kijito cha Oyster Creek, pembeni mwa Brazos. Mwaka 1838 ardhi hiyo ikaangukia mikononi mwa nduguye Nathaniel, na akina Williams wakaweka kinu cha kukamulia miwa. Mwaka 1843 ndio ambao kampuni ya sukari ya Imperial, iliyokuja baadaye sana, imeuhesabu siku zote kuwa mwaka wake wa kuzaliwa.

Waliokata miwa hiyo walikuwa watumwa. Wenye mashamba walibadilika, watumwa wakabaki. Mwanzoni mwa miaka ya 1850 wakaja Benjamin Franklin Terry na William Jefferson Kyle, wakanunua shamba, wakaliita Sugar Land, na wakasaidia kuifikisha huko reli ya kwanza ya Texas. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, Terry aliunda kikosi cha wapanda farasi kupigania upande wa wenye watumwa, na akauawa Kentucky mnamo Desemba 1861, katika mapigano ya mwanzo kabisa ya kikosi chake. Tarehe 19 Juni 1865, Jenerali Gordon Granger alitangaza huko Galveston kwamba watumwa wote wa Texas wako huru.

Hapo ndipo panapotaka kusikilizwa kwa makini. Marekebisho ya 13 ya Katiba ya Marekani yalipiga marufuku utumwa, lakini yakaacha mlango mmoja wazi: mtu aliyehukumiwa kwa kosa la jinai aliweza kufanyishwa kazi kwa nguvu. Majimbo ya kusini yaliuingia mlango huo bila kuchelewa. Zilitungwa sheria za uzururaji, za kukosa mwajiri, za wizi wa vitu vidogo vidogo. Mtu mweusi aliyekuwa ameachwa huru juzi alikamatwa leo, akahukumiwa, na kesho yake akarudi kwenye miwa ileile, safari hii kama mfungwa wa kukodishwa.

Mwaka 1878 Edward H. Cunningham na Littleberry A. Ellis, wote wawili wenye mashamba Sugar Land, waliingia mkataba na serikali ya jimbo kukodi wafungwa wote wa Texas kwa miaka mitano. Bei ilikuwa dola 3 na senti moja kwa mfungwa kwa mwezi. Wale ambao Cunningham na Ellis hawakuwahitaji waliwakodisha kwa wengine, wakajipatia faida hapo pia.

Mtumwa alikuwa na bei kubwa, na bwana wake alikuwa na sababu ya kumlisha ili mali yake isipotee. Mfungwa wa kukodi akifa, mwenye shamba aliomba mwingine. Watu walisimama kwenye maji ya tope mpaka magotini, mbu wakiwala, malaria ikiwachukua, mnyapara akiwa juu ya farasi na mjeledi mkononi. Wafungwa wenyewe walipaita mahali hapo jehanamu ya Brazos. Kati ya mwaka 1866 na 1912, zaidi ya wafungwa 3,500 walikufa katika Texas. Waliofia Sugar Land walizikwa palepale kambini, na miaka ilivyopita hakuna aliyebaki wa kuonyesha makaburi yao yalipo.

Kukodisha wafungwa kulipigwa marufuku kwa sheria iliyopitishwa mwaka 1910, lakini jela haikuondoka Sugar Land. Mwaka 1908 jimbo lilikuwa limekwisha nunua zaidi ya ekari 5,000 pale na kuzifanya shamba la magereza. Mfungwa mmoja wa shamba hilo alijulikana kwenye vitabu vya jela kama Walter Boyd. Jina lake hasa ni Huddie Ledbetter, na dunia ilikuja kumjua kama Lead Belly, mmoja wa wanamuziki wakubwa wa Marekani. Usiku alikuwa akisikia treni ikipita karibu na jela, na wimbo wa treni hiyo ukawa miongoni mwa nyimbo zake maarufu kuliko zote. Alimwimbia gavana Pat Neff akiomba aachiliwe, na Januari 1925, siku chache kabla ya kuondoka madarakani, Neff akamsamehe.

Upande wa pili wa uzio, Sugar Land nyingine ilikuwa ikijengwa. Isaac H. Kempner, mfanyabiashara wa Galveston, na William T. Eldridge, mtu wa reli, walinunua mashamba ya Ellis na Cunningham moja baada ya jingine kuanzia mwaka 1906, na mwaka 1907 wakaanzisha Imperial Sugar. Walikuta kambi ya hovyo wakaifanya mji wa kampuni. Nyumba zilikuwa za kampuni, duka la kampuni, benki ya kampuni, na shule ilijengwa kwa fedha ya kampuni. Mtoto alizaliwa baba yake akiwa kwenye zamu ya kiwanda, naye akikua akaingia zamu hiyohiyo. Wazungu walikaa mitaa yao, weusi na Wameksiko yao, huko Mayfield Park, na kila mmoja alijua mpaka ulipo.

Miwa yenyewe haikudumu. Maradhi ya majani na baridi kali viliishambulia, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1920 mashamba ya miwa yalikuwa yamekwisha. Kiwanda hakikujali. Kiliendelea kuleta sukari ghafi kutoka nje kupitia bandari ya Galveston, kikaisafisha, kikaipakia kwenye mifuko yenye nembo ya taji. Kwa hiyo kwa miaka zaidi ya 70 mji wa sukari ulikuwa ukiishi kwa miwa ya watu wengine.

Maisha ya mji huo mdogo yalikuwa na raha zake pia. Kati ya mwaka 1950 na 1953, shule yake ya sekondari, yenye wanafunzi wachache, ilikuwa na kijana aitwaye Ken Hall aliyecheza kandanda ya Kimarekani. Alikimbia na mpira jumla ya yadi 11,232, rekodi ya taifa kwa shule za sekondari iliyokaa bila kuvunjwa mpaka mwaka 2012. Ukizungumza na mzee wa Sugar Land, kabla hajakutajia sukari atakutajia Ken Hall.

Mwaka 1959 wakazi walipiga kura mji uwe na serikali yake, na meya wa kwanza akawa T. E. Harman. Kampuni ilikuwa imeanza kuwauzia watu nyumba walizokuwa wakipanga. Houston nayo ilikuwa inavimba. Mafuta yalikuwa yakilipa vizuri, muda mfupi baadaye shirika la anga za juu likaja, na njia kuu ya 59 ikaleta magari mpaka mlangoni. Mwaka 1968 ukaanza mtaa wa Sugar Creek wenye uwanja wa gofu. Kisha mwaka 1972 familia ya Kempner ikauza maelfu ya ekari kwa kundi lililoongozwa na mjenzi Gerald Hines, na kuanzia mwaka 1977 pakaota First Colony, mpango mmoja wa karibu ekari 10,000. Kila njia ilichorwa kabla haijalimwa na kila mti ulipangiwa mahali pake.

Jinsi mtaa wa namna hiyo unavyoanza Texas ni jambo ambalo hata Wamarekani wengi hawalielewi. Mjenzi ananunua mashamba ya zamani au malisho nje ya mpaka wa mji. Huko hakuna bomba wala mtaro wa majitaka. Badala ya kusubiri mji umfikie, anaomba jimbo liunde wilaya ya maji, ambayo watu wa Texas wanaiita kwa kifupi MUD. Wilaya hiyo ina uwezo wa kutoza kodi na kuuza hatifungani. Deni lazima liidhinishwe kwa kura na wakazi wa hapo, na kwa kuwa hapo bado ni nyika, wapiga kura wanaweza kuwa watu wawili watatu waliokuja kukaa kwenye nyumba ya magurudumu. Wakisema ndiyo, mamilioni ya dola yanakopwa, mabomba yanalazwa, nyumba zinasimama, na atakayelipa ni yule atakayenunua nyumba, mwaka baada ya mwaka, kupitia kodi ya nyumba. Texas haina kodi ya jimbo kwenye mshahara, na ndiyo maana kodi ya nyumba inabeba mzigo mkubwa kiasi hicho.

Utaratibu huu una akili. Bila huo, Sugar Land ingekuwa bado ni mji wa watu elfu chache na kiwanda. Lakini haifai kupita bila kusema kwamba deni linaloamuliwa na watu watatu linalipwa na maelfu ambao hawakuulizwa.

Mwishowe mji huja kumeza mtaa uliokomaa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Sugar Land iliimeza sehemu kubwa ya First Colony, na ndiyo sababu mojawapo idadi ya watu iliruka kutoka 24,529 mwaka 1990 hadi 63,328 mwaka 2000. Desemba 2017 ikawa zamu ya Greatwood na New Territory. Watu zaidi ya 30,000 walilala wakiwa nje ya mji, wakaamka wakiwa raia wa Sugar Land.

Na Brazos bado upo. Mitaa mingi imejengwa kwenye ardhi ya chini ambako hapo zamani mto ulikuwa ukitanua miguu, na inakingwa na matuta marefu ya udongo. Agosti 2017 kimbunga Harvey kilipoleta mvua ya siku kadhaa mfululizo, matuta yaliuzuia mto, lakini maji ya mvua yaliyonyesha ndani ya matuta yalikosa pa kutokea, na katika baadhi ya mitaa yakaingia sebuleni.

Waliohamia nao waliubadilisha mji. Leo karibu watu wanne kati ya kumi wana asili ya Asia: Wahindi, Wachina, Wapakistani, Wavietnamu. Mwaka 2002 ilifunguliwa jamatkhana kubwa ya Waismailia, na miongoni mwa waumini wa eneo la Houston zimo familia zenye asili ya Afrika Mashariki, zinazozijua jamatkhana za Kampala, Mombasa na Dar es Salaam. Agosti 2024 Wahindu wa hekalu la Ashtalakshmi walizindua sanamu ya Hanuman yenye urefu wa futi 90. Mahali ambapo miaka 70 iliyopita mtu alipangiwa mtaa kwa rangi yake, sasa majirani wanapikiana biriani. Hilo ni jambo la kupongezwa, na wenyeji wana haki ya kujivunia.

Lakini ardhi ilikuwa na lake. Kadiri mji ulivyotanuka, shamba la magereza lilirudi nyuma. Mtaa wa Telfair umejengwa juu ya ardhi yake. Mwaka 2009 jengo la zamani la wafungwa liligeuzwa kuwa tawi la makumbusho ya sayansi ya Houston, na watoto wakaja kuangalia mifupa ya dinosaria pale walipokuwa wakilala wafungwa weusi. Mwaka 2011 jela yenyewe ikafungwa. Kwenye matangazo ya nyumba palitajwa shule nzuri, mabwawa ya kuogelea na njia za baiskeli. Wafungwa hawakutajwa.

Alikuwapo mtu mmoja aliyekuwa akiwataja. Reginald Moore aliwahi kuwa askari magereza katika eneo hilohilo miaka ya 1980. Aliona watu weusi wakilima mashamba ya jela, akaanza kujiuliza walioanza kulima walikuwa nani na wamezikwa wapi. Alikaa maktaba na kwenye nyaraka karibu miaka 20, akawa mlinzi wa makaburi madogo ya jela yaliyokuwa yanajulikana, akahudhuria vikao vya halmashauri na vya bodi ya shule. Aliwaambia kwamba kwenye ardhi hii wapo wafu wengine, wasio na alama. Alisikilizwa kwa adabu, akarudishwa nyumbani. Wilaya ya shule ya Fort Bend ilipopanga kujenga chuo cha ufundi kwenye sehemu ya shamba hilo, aliwaonya tena.

Februari 2018, mfanyakazi aliyekuwa akiendesha mashine ya kuchimbia kwenye ujenzi huo aliona kitu kwenye udongo, akasimamisha kazi. Ulikuwa mfupa wa mtu. Wanaakiolojia waliitwa, wakafukua taratibu, sanduku baada ya sanduku la mbao zilizooza. Walihesabu 95. Wote walikuwa wanaume isipokuwa mwanamke mmoja. Aliyekuwa mdogo kuliko wote alikuwa na miaka kama 14, mkubwa alikaribia 70. Mifupa ilionyesha kazi ya sulubu iliyoanza utotoni, yaani wapo waliokuwa watumwa kabla ya kuwa wafungwa. Ndani ya udongo mlipatikana pia minyororo. Makaburi hayo yalikuwa ya kambi iliyoitwa Bullhead, ya kati ya mwaka 1878 na 1911.

Kilichofuata hakikuleta sifa kwa mtu. Zaidi ya mwaka mzima mji, wilaya ya shule na kaunti walivutana kuhusu mahali pa kuwazika. Ulikuwapo mpango wa kuwahamishia kwenye makaburi mengine ya jela, ili ujenzi uendelee kama ulivyochorwa. Moore na wenzake wakakataa: watu hawa walihamishwa na kila mtu wakiwa hai, waachwe walipo wakiwa wafu. Madai yao ni ya haki, na haikupaswa kuhitaji mahakama na sheria mpya ya jimbo ili yakubaliwe. Hatimaye sehemu ya jengo ilifutwa kwenye mchoro, na Novemba 2019 wote 95 wakarudishwa kwenye ardhi walimotolewa. Walizikwa bila majina. Reginald Moore alifariki Julai 2020. Karatasi zake zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rice, Houston, kwa yeyote anayetaka kuzisoma.

Msikilizaji, wapo Waswahili wengi Houston na pembezoni mwake, kutoka Kongo, Kenya, Tanzania na Burundi. Kama una ndugu huko, mwambie siku moja akiwa na nafasi ashike njia ya 59 mpaka Sugar Land, aingie barabara ya University, aulizie kituo cha James Reese, ndicho chuo kile cha ufundi. Makaburi yako kando yake. Asimame kidogo, awaombee.